Wapenzi Niliowafanya Ndugu

Nilimsikia akicheka kule Kanduyi, miezi saba baada ya kumzika.

Nilikuwa nimeingia hoteli moja ndogo ya kando ya barabara kula chapati na maharagwe. Juu ya friji ya soda palikuwa na televisheni, na ndani yake mzee mwenye ndevu nyeupe alikuwa akigawa mateke. Jambazi mmoja alirushwa juu ya meza za watu, na mzee akaweka mkono kiunoni akacheka. Kicheko kilikuwa cha mtu wangu. Nilijua kinapoanzia, na pale kinapokwama kidogo kabla ya kutoka tena, kwa sababu siku kiliporekodiwa nilikuwa nimesimama kando yake nikimshikia karatasi. Wateja walicheka pamoja naye. Mimi niliacha chapati yangu, nikatoka nje, nikasimama kati ya waendesha bodaboda.

Lazima nieleze kazi yetu, la sivyo mtadhani nimerukwa na akili. Tulikuwa wale watu wanaosimulia filamu kwa Kiswahili, ambao vijana huwaita madijei. Filamu inakuja ikisema Kichina au Kiingereza cha puani. Unapunguza sauti yake, unaweka yako juu. Mimi nilikuwa msimulizi: huyu ni nani, anakimbilia wapi, ameudhiwa na nani. Yeye alikuwa watu wote. Alikuwa shujaa, adui, bibi harusi, na mara moja farasi. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya duka la mbegu mjini Kitale, kuta tumezibandika trei za mayai na blanketi ili mwangwi usituaibishe. Tulirekodi asubuhi tu, maana mvua ya Kitale ikianza kupiga mabati mchana hakuna bingwa wa mateke anayeiweza.

Alitoka Malakisi, nyumba ya wakulima wa tumbaku, na r na l zake zilibadilishana viti zilivyopenda. Mfalme wa Uchina akipaza sauti, "Reteni falasi!" ukumbi mzima wa video ulivunjika mbavu. Watu walidhani anafanya makusudi. Nilimtania sana, naye alinijibu kwamba sisi tuliohamia Trans-Nzoia kutoka Kenya ya kati na Biblia zetu tunazungumza Kiswahili kama tunaosoma tangazo la mnada.

Tulikuwa pia wapenzi, wanaume wawili, miaka sita. Nimeandika sentensi hiyo mchana kweupe, mlango umefungwa, na bado nimegeuka kuuangalia.

Watu wachache wanaonijua vizuri huniuliza, wakiwa wameshusha sauti, ni filamu zipi za wapenzi wa namna yetu zinazofaa kutazamwa. Majina sitawapa kwa sababu siyajui. Faili zilitufikia kwenye flashi zikiwa na namba tu, zimechanganywa na za vita na za mizimu, na majina tuliyapachika wenyewe. Lakini ninachokitafuta nakijua. Kwanza, sitaki filamu inayomwua mmoja mwishoni ili watazamaji waende nyumbani wakijisikia wana huruma. Nimeziona nyingi. Mtu anakohoa mapema tu, na tayari unajua ni nani atakayezikwa. Nilikuwa nikizitukana mbele ya kioo cha kompyuta: "Kwani hakuna mtu wa kwetu anayeruhusiwa kuzeeka?" Yeye alicheka, akasema siku moja tutatengeneza yetu, ambayo hakuna anayekufa, watu wanakula tu. Siku hizi nikikutana na inayomwua mmoja siitukani tena. Naitazama mpaka majina ya mwisho yapite.

Ninayoipenda kwa utulivu wake ni ya wanawake wawili wazee wanaooka mikate. Wameishi pamoja muda mrefu hata ugomvi wao umefupishwa: mmoja akiweka sufuria kwa kishindo, mwenzake anajua ni kwa jambo gani. Hakuna anayewafukuza, hakuna anayewahubiria. Ila mmoja ameanza kusahau mambo, anasahau chumvi, na mwenzake kila siku anaonja unga kabla haujaingia kwenye tanuri, anaongeza chumvi kimya kimya, wala hamwambii. Hiyo ndiyo filamu yote. Watu wa mateke wangeirushia viatu. Sisi tuliitazama mara tatu, na mara ya tatu aliniuliza, "Sasa mimi nikianza kusahau, si utaniongezea chumvi?" Nikamwambia nitamwongezea mpaka presha impande. Ujinga kama huo ndio tuliouita mapenzi, na naulilia.

Kuna nyingine ya kijana anayerudi kwao kwa harusi ya dada yake. Amemleta mpenzi wake na kumtambulisha kama dereva. Wenye nyumba, kwa ukarimu, wanampa yule mgeni funguo za gari la bibi harusi, naye hajawahi kuendesha hata trekta. Inachekesha kweli, na inafaa kutazamwa kwa sababu kila kicheko kinatoka kwenye uongo mmoja mdogo unaohitaji mwingine wa kuutegemeza. Naipendekeza kwa yeyote. Mimi mwenyewe siwezi tena kuitazama.

Iliyo bora kuliko zote ni ya mafundi wawili wa kuezeka paa, katika mji wa baridi ambao sijui uko wapi. Mkubwa ni mtu wa maneno machache. Mdogo anaogopa kupanda juu. Kila asubuhi, kabla ya kupanda, mkubwa anamfunga kamba kiunoni, anaivuta mara mbili kuona kama fundo limeshika, kisha anaangalia pembeni. Wanaendelea hivyo sehemu kubwa ya filamu. Hawajaambiana kitu, hawajagusana zaidi ya hapo, na wewe unayetazama tayari umebana pumzi. Wanapobusiana hatimaye, unaona kama umechelewa kujua. Mji unawagundua. Mkubwa anaondoka ili mdogo asipate shida, na tunamwona mdogo peke yake juu ya paa, anajifunga kamba, anavuta mara mbili. Hakuna muziki hapo. Mwongozaji aliyeacha kuweka muziki mahali pale ningempa ng'ombe.

Hiyo ndiyo niliyoiharibu.

Mwenye ukumbi mmoja wa Bungoma alikuwa ametuomba kitu cha kuwaliza watu, maana mateke yalikuwa yamewachosha. Nikafikiria filamu ya mafundi. Nilitaka watu waione, huo ni ukweli. Pia niliogopa, na huo ni ukweli mkubwa zaidi. Niliogopa mwenye duka la mbegu, niliogopa kina mama wa kanisa wanaosali na mama yangu, na niliogopa sheria, ambayo ipo. Basi nikangoja siku aliyokwenda kwao, nikajifungia, nikarekodi peke yangu sauti zote mbili. Niliwafanya mafundi wale ndugu wa tumbo moja. Mabusu niliyakata. Mahali ambapo singeweza kukata nilipazungumzia sana, nikieleza hali ya hewa.

Shida ikabaki moja: ndugu wawili wanapendana vile, mbona mmoja ahame na kulia? Nikawapa kesi ya shamba. Hapa kwetu ukitaja kesi ya shamba hakuna anayeuliza swali la pili.

Filamu ile ilipendwa kuliko kazi yoyote tuliyowahi kufanya. Sokoni Bungoma wanawake walisimuliana, wakifuta macho, ati jinsi wale ndugu walivyokuwa wanaoneana huruma. Nilisikia mhubiri mmoja ameifanya somo la Jumapili, kuhusu familia zinazogawanywa na mashamba. Mimi nikapewa mkono njiani. Naye, ambaye sikuwa nimemwambia kitu, alikuja akakaa nami kwenye benchi ukumbini, akaitazama yote kutoka mwanzo.

Tulitoka nje.

"Umetufanya ndugu," alisema.

"Ni filamu tu."

"Si filamu, bana. Mimi nimeangalia hao watu wakilia, nikasema, ona, wangeweza kulia hata kwa ukweli. Ni wewe hukuwapea nafasi."

Nilijitetea. Nilitaja duka, mama, polisi. Alinisikiliza kwa adabu mbaya, ile ya mtu anayemsubiri mwenzake amalize uongo. Halafu akaniambia tuirekodi upya, kama ilivyo, yeye na mimi. Akasema hahitaji ukumbi. Anataka mtu mmoja tu aisikie, hata mmoja, asiye mimi wala yeye.

Tuliirekodi asubuhi moja ya kiangazi. Nilikuwa fundi mkubwa, yeye alikuwa mdogo. Hakutumia sauti ya mfalme wala ya jambazi. Alizungumza kwa sauti yake, ile ya chini aliyokuwa akiitumia tukichambua mboga. Kuna mahali kwenye filamu, juu ya paa, ambapo fundi mdogo anasema tu kwamba anahisi baridi. Nilikuwa nimemwandikia hivyo kwenye karatasi. Aliipuuza karatasi. Alisema, "Nimechoka kuitwa lafiki yako."

Katika filamu mkubwa hajibu. Mimi nilijibu, mdomo wa yule mzungu ukiwa umefungwa: "Nikuite nani?"

"Niite mtu wa nyumba yako."

Tuliacha ikae hivyo. Nilinakili kwenye flashi moja, nikaificha ndani ya soksi, na kila aliponiuliza ni lini mtu ataisikia, nikamwambia ngoja kidogo. Nilimwambia hivyo miaka miwili. Aliendelea kuja kazini, aliendelea kunipenda pia, nadhani, lakini hakucheka tena na mimi kama alivyocheka kwenye maikrofoni. Kisha siku moja ya mvua pikipiki aliyopanda kutoka Bungoma kwenda kwao iliteleza mbele ya lori. Nilipigiwa simu na dada yake, aliyelipata jina langu kwenye simu ya marehemu likiwa la kwanza kabisa.

Mazishini Malakisi, mwenye kuongoza shughuli aliniita kama rafiki wa marehemu kutoka Kitale na kunipa dakika mbili. Nilisimama mbele ya jeneza nikashika kipaza sauti, kitu nilichokishika maisha yangu yote bila kutetemeka. Nikasema, "Alikuwa ndugu yangu." Watu wakaitikia vizuri. Nilisikia maneno yale yakirudi kutoka kwenye spika upande wa pili wa uwanja, na tangu siku ile bado nayasikia, hasa nikiwa nimetulia.

Wakati naondoka mama yake alinishika mkono. "Picha zake ninazo," alisema. "Sauti sina. Nyinyi mlikuwa mnafanya kazi ya sauti. Niletee." Nilimwahidi, nikarudi Kitale jioni ile ile, na kwa miezi saba sikumpelekea.

Mpaka kile kicheko cha Kanduyi. Nilielewa pale kando ya barabara kwamba wageni wanakula maharagwe na sauti ya mtoto wa yule mama, na yeye hana hata pumzi yake. Nilirudi Kitale kuchukua kompyuta, na siku ya tatu nikashuka tena, nikafika Malakisi kabla ya saa sita. Flashi zilikuwa mbili mfukoni. Moja ilikuwa na mateke, na niliapa hiyo ndiyo nitakayoitoa.

Nilimkuta amekaa nje, chini ya ukingo wa paa, yeye na yule dada wa marehemu, wakifunga majani ya tumbaku kwenye vijiti tayari kwa kukaushwa. Hakunilaumu kwa kuchelewa. Alinipa kigoda, akaniambia nianze. Niliweka kompyuta juu ya gunia, nikawasha ile ya mzee mwenye ndevu. Alitazama kidogo, halafu akavua leso begani akakifunika kioo.

"Hiyo picha inanichanganya," alisema. "Mchina anafungua mdomo, na ni kijana yangu anatoka."

Tukasikiliza bila picha. Mateke, makelele, falasi, kicheko. Dada alitabasamu. Mama alitikisa kichwa.

"Huyu anapiga kelele. Kijana yangu alikuwa anaongea pole pole. Huna mahali anaongea tu?"

Ningeweza kusema sina. Nilikuwa na safari ndefu ya kurudi na sababu zote zile za zamani, na kila moja ilikuwa bado nzima. Nikaangalia mikono yake ikisubiri, jani moja limeshikwa bila kufungwa, na nikachomoa flashi ile nikachomeka nyingine.

Sauti yake ilitoka chini ya leso kama mtu aliyelala chumba cha pili. Aliuliza kama kamba imeshika. Nikamjibu imeshika. Alilalamika kuhusu uji wa mafundi. Mama aliacha kazi, akaweka mikono yote miwili magotini. Tulisikiliza muda mrefu, nami nilijua ni dakika ngapi zimebaki kabla ya pale juu ya paa, na sikuisimamisha.

"Nimechoka kuitwa lafiki yako."

"Nikuite nani?"

"Niite mtu wa nyumba yako."

Mama hakunitazama. "Huyo anamjibu ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Hayo maneno yalikuwa ya filamu, ama yalikuwa yenu?"

Jibu la kunitoa pale lilikuwa jepesi, na ulimi wangu ulikuwa umelizoea.

"Yalikuwa yetu," nilisema. "Miaka sita."

Dada alisimama, akaketi tena. Mama aliokota jani, akalifunga kwenye kijiti, akaongeza la pili na la tatu. Nilifikiri ndiyo njia yake ya kuniambia niende. Nilianza kukusanya nyaya.

"Siku ya mazishi ulisema ndugu."

"Nilidanganya."

"Ulidanganya kwa kaburi."

"Ndiyo, mama."

Alinigeukia sasa, na macho yake yalikuwa makali. "Siku ya tatu baada ya kuzika tulinyolewa hapa. Mimi, dada zake, ndugu zake, mpaka watoto. Kwetu mtu akifiwa ananyolewa, ndio kifo kimwachilie. Wewe ulikuwa umeenda Kitale." Alikiangalia kichwa changu, nywele zilizokuwa zimerefuka bila kutunzwa. "Miezi saba unatembea na kifo kwa kichwa, na hakuna mtu amekuambia."

"Sikujua, mama."

"Usifikiri nimefurahia hayo mambo yenu. Sijafurahia, na sijui kama nitafurahia. Nimesema tu hukunyolewa." Akamtuma binti yake alete wembe, sabuni na maji. "Kuna mzee wetu wa kunyoa, lakini huyo nitamwambia nini? Nitakunyoa mwenyewe."

Nilisogeza kigoda mbele yake nikainama. Maji yalikuwa baridi na mikono yake ilinuka tumbaku mbichi. Alininyoa bila upole, akinigeuza kichwa huku na huku, na mafungu ya nywele yakaanguka kwenye viatu vyangu. Nililia kwa sauti, kilio ambacho sikukitoa siku ya mazishi, na hakuna aliyeniuliza kwa nini rafiki analia hivyo.

Chini ya leso filamu ilikuwa bado inaendelea, naye alikuwa akizungumza. Nilinyoosha mkono kuizima.

"Iache," mama yake alisema, akiniinamisha tena. "Hajamaliza kuongea."